Bajeti ya Jikoni Haivunjikii Jikoni

Mafundisho ya ndoa katika parokia zetu hugusa sala ya familia, uaminifu, malezi ya watoto na mengine mengi mazuri. Pesa ya chakula hutajwa kwa kupita tu, kama jambo dogo la mama na sufuria yake. Lakini padri aliyewahi kukaa na wanandoa waliogombana anajua kwamba ugomvi mwingi huanzia hapo: pesa iliyoachwa mezani asubuhi, mboga iliyoonekana jioni, na swali la baba, "Hela yote imekwenda wapi?"

Hoja yangu ni hii. Familia nyingi hapa Dodoma hupanga bajeti ya chakula ya mwezi na kushindwa kuifuata, na lawama humwangukia anayepika. Ukichunguza vizuri utakuta bajeti hiyo imevunjwa mahali pengine: kwenye kalenda ya manunuzi, kwenye ukimya kati ya mume na mke, na kwenye michango. Mama peke yake hawezi kutibu hata moja kati ya hayo matatu. Na hilo la tatu linatuhusu sisi wa Kanisa moja kwa moja.

Mwezi mmoja ni mfupi mno

Uwanda wetu wa kati una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kuisha Aprili. Mtama, uwele, mahindi na alizeti huvunwa kati ya Mei na Julai au baadaye kidogo. Baada ya hapo ni kiangazi na upepo wa vumbi hadi Desemba nyingine. Bei ya nafaka hufuata mwendo huohuo: hushuka wakati wa mavuno, kisha hupanda kadiri maghala yanavyopungua, na huuma zaidi kati ya Desemba na Machi.

Mshahara hauijui kalenda hiyo. Juni unatoka kiasi kilekile cha Februari. Kwa hiyo anayetenga kiasi kilekile cha unga kila mwezi amejipangia kushindwa. Julai pesa itabaki na kuingia kwenye matumizi mengine, na Februari itapungua naye atakopa. Kibaya zaidi ni Januari. Krismasi imeshapita na akiba, watoto wanadai sare, viatu na madaftari, mwenye shamba anatafuta pesa ya palizi, na gunia la mahindi halishikiki. Mambo manne yanakutana mlango mmoja.

Tupige hesabu ya mfano. Familia ya watu sita ikipika kilo moja na nusu ya unga kwa siku, inatumia kilo 45 kwa mwezi na zaidi kidogo ya kilo 540 kwa mwaka. Hayo ni magunia matano na nusu hivi. Simwambii mtu anunue yote kwa mpigo, maana wengi hatuna uwezo huo. Lakini tuangalie miezi minne migumu tu, Desemba hadi Machi. Hiyo inahitaji kilo 180. Magunia mawili ya kilo mia mia yaliyonunuliwa Julai na kusagwa dona yanatosha miezi hiyo yote. Familia yenye magunia mawili chumbani haitetemeki Januari. Isiyo nayo itanunua unga kwa kilo moja moja wakati bei iko juu kabisa.

Na hapo ndipo ulipo uchungu wa maskini: mara nyingi yeye ndiye anayenunua kwa bei kubwa, kwa sababu ananunua kidogo kidogo. Sukari ya robo, mafuta ya kupima ya jioni moja, nyanya za fungu. Ukijumlisha vipimo hivyo vya mwezi mzima, vingi vinazidi bei ya dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, nasi tunaishi katika mikoa inayolima alizeti yenyewe. Tatizo lake si uzembe. Hana pesa ya kutosha mkononi kwa siku moja.

Dawa yake ipo karibu nasi, nayo ni jumuiya ndogondogo. Familia kumi na tano zikianza kuweka akiba kidogo kila wiki tangu Januari, ifikapo Julai zinaweza kukodi gari moja na kununua pamoja, ama kwa wakulima wenyewe, ama kwenye soko la mazao la Kibaigwa wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Wanunue kwa mizani, wasinunue kwa macho, ili wasibishane na mtu juu ya debe lililobonyea. Akina mama wa WAWATA wanajua kuendesha VICOBA, na kazi hii haiwashindi.

Tahadhari ni moja. Nafaka ihifadhiwe ikiwa kavu kabisa, juu ya vichanja, mbali na ukuta, na ikiwezekana katika mifuko isiyopitisha hewa ambamo wadudu hufa bila kuwekewa dawa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zisiliwe, na asipewe jirani kwa jina la sadaka.

Wazee wa Ugogo hawakuhitaji semina kuhusu haya. Ndani ya tembe palikuwa na mahali pa nafaka, na mboga za mlenda zilikaushwa juani wakati wa mvua ili ziliwe kiangazi. Waliijua pia gharama ya kupoteza akiba. Njaa waliyoiita Mtunya, ya mwaka 1918 hadi 1920, haikuletwa na ukame pekee. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe. Mvua ilipokosekana, watu hawakuwa na kitu cha kuwavusha. Ukame ni mgeni wa kawaida katika nchi hii, na anapokuta ghala tupu hugeuka kuwa msiba.

Mume na mke wanaofichana

Mvunjaji wa pili wa bajeti ni ukimya. Ziko nyumba ambazo mke hajui mume wake anapata kiasi gani. Anapewa pesa ya siku, naye anaitwa mbadhirifu kwa pesa ambayo hakushirikishwa kuipanga. Ziko nyumba nyingine ambazo mume hajui kuwa mke ana mkopo, tena ule unaoitwa kausha damu, wenye marejesho ya kila siku au kila wiki. Marejesho hayo hutoka wapi? Hutoka kwenye pesa ya mboga. Watoto wanakula ugali na chumvi ili mkopeshaji asije kubeba televisheni.

Bajeti ambayo mmoja ameiandika na mwingine ameamriwa kuifuata haitadumu hata mwezi ukate kona. Pesa inapoingia, wakae wawili na daftari. Kwanza waandike vitu vya mwezi mzima vinavyonunuliwa mara moja: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, sabuni, mkaa au gesi. Kisha watenge pesa ya sokoni ya kila wiki kwa mboga, nyanya, vitunguu na dagaa, kila wiki na bahasha yake. Pesa ya wiki ya nne isiguswe wiki ya pili. Kinachonunuliwa kiandikwe, na mwisho wa mwezi wasome pamoja bila kufokeana.

Akina baba wenzangu, katika daftari hilo tuandike kila kitu. Nyama choma inayoliwa mjini na marafiki ni chakula cha familia hiyohiyo, kimetoka kwenye kipato hichohicho. Haiwezekani sahani moja ya baba ipite bila kuandikwa, halafu mama aulizwe kuhusu vitunguu vya mia tano.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alilieleza taifa mwaka 1969, wakati wa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, kwamba kupanga ni kuchagua. Kinachosemwa kwa taifa kinafaa pia kwa nyumba ya vyumba viwili huko Chang'ombe au Nkuhungu. Kuchagua kunauma, kwa hiyo wachague wote wawili ili wote wawili waubebe uchungu wake.

Michango, na ile ya kwetu

Nimefika mahali ambapo baadhi ya wasomaji watanikunjia uso. Tumezoea kulaumu michango ya harusi, na kweli inalaumika. Kuna kitchen party, kuna sendofu, kuna kamati, na kadi inakuja na kiwango chake. Mtu anatoa pesa ya wiki mbili za chakula ili aonekane ukumbini kwa saa nne. Lakini hebu tujitazame na sisi. Kuna zaka, sadaka ya Jumapili, ujenzi wa kanisa, ukarabati wa nyumba ya mapadri, jubilei, zawadi ya upadrisho na mfuko wa jumuiya. Kila mmoja una sababu njema. Shida ni kwamba hupangwa kila mmoja peke yake, na hakuna anayejumlisha isipokuwa mama anayesimama mbele ya duka na kuhesabu kilichobaki.

Sisemi waamini waache kutoa. Kanisa letu linajitegemea kwa mikono ya waamini wake, na hilo ni jambo la heshima. Ninachosema ni kwamba halmashauri ya walei itoe kalenda moja ya michango ya mwaka mzima, itangazwe mapema, na mizigo mikubwa iwekwe kati ya Julai na Septemba, wakati wa sadaka ya mavuno. Januari hadi Machi tuwapumzishe watu. Kwaresima pia huangukia miezi hiyo. Anayehubiri kufunga Februari katika kigango cha vijijini akumbuke kwamba baadhi ya wanaomsikiliza wanakula mlo mmoja tangu Januari bila kutangaza mfungo wowote. Na desturi ya kusoma majina ya wasiotoa tuiache, kwa sababu aibu huwafanya watu wakope.

Hapa niseme na mafrateri. Seminarini kengele hulia na chakula kipo mezani. Ni vigumu kuujua uzito wa gunia ambalo hujawahi kulilipia. Mwombeni mtunza stoo awaonyeshe daftari lake: nyumba inatumia kilo ngapi kwa siku, mahindi yalinunuliwa lini na kwa bei gani, maharage yatafika mwezi gani. Wakati wa likizo nyumbani, shikeni kikapu mwende sokoni Majengo na pesa ileile anayopewa mama, mrudi na mahitaji yote. Siku moja ninyi ndio mtakaosimama mbele ya waamini kutangaza mchango. Afadhali mtangaze mkijua mnaomba nini.

"Mkate wa kila siku"

Wapo watakaosema kwamba Bwana alitufundisha kuomba mkate wa kila siku, hakusema wa mwezi wala wa mwaka, na kwamba kuweka nafaka chumbani ni kukosa imani. Ni kweli kwamba mana iliyofichwa hadi asubuhi iliota funza. Lakini siku ya sita Waisraeli waliamriwa kukusanya mara mbili, na ile haikuoza. Yusufu naye kule Misri alishauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya neema, na kwa nafaka hiyo wakaponea watu wa Misri pamoja na ndugu zake waliomuuza. Kuna tofauti kati ya kulimbikiza ili jirani akose na kuweka ili siku ya upungufu nyumba isianguke.

Mwangalieni pia mjane wa Sarepta. Nabii Eliya alipomwomba chakula, alijua sawasawa alichonacho: konzi ya unga na mafuta kidogo. Hesabu yake ilikuwa kamili, na bado akampa mgeni. Kwa hiyo katika daftari la mwezi tuweke mstari wa mgeni na wa maskini, hata kama ni kilo mbili tu za unga. Asiye na mstari huo akipigiwa hodi hutoa kwa kinyongo au hujificha. Aliye nao hufungua mlango akijua kitu cha jirani kipo.

Jumuiya inayotaka kuanza isisubiri semina. Jumamosi moja ya mwezi Mei, baada ya kusoma Injili na kusali, mwenyekiti aulize maswali mawili: kila familia inaweza kununua magunia mangapi mwaka huu, na nani kati yetu ana chumba kikavu cha kuhifadhia ya wale wasio na nafasi?