KAZI ZA MAFUTA NA GESI: TULIYOYAANDIKA ZAMANI NA TUYAANDIKAYO LEO



Mwaka 2013, katika kurasa hizi hizi, tuliwashauri wanachama wenye watoto waliokuwa wakimaliza shule wawapeleke kusoma elimu ya mafuta na gesi. Tulisema kwamba mlango wa riziki umefunguliwa huko kusini, na atakayechelewa atalala nje. Leo yatupasa kukiri ya kuwa shauri lile tulilitoa kwa haraka. Hatukuwa waongo, maana kila mtu wakati ule alisema maneno hayo hayo. Lakini karani aliyekosea hesabu hajitetei kwa kusema kwamba na mwenzake alikosea. Huipiga mstari kwa wino mwekundu, akaiandika upya, akatia sahihi yake pembeni. Ndivyo tutakavyofanya hapa.

Kwanza tueleze jinsi tulivyopotea. Tangu mwaka 2010 makampuni ya kigeni yalikuwa yakivumbua gesi katika bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, hata hesabu ya Serikali ikapita futi za ujazo trilioni 57. Pipa moja la mafuta lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100 katika soko la dunia. Zikaenea habari za kiwanda kikubwa huko Lindi cha kupoza gesi mpaka iwe maji, ipate kupakiwa melini. Basi nani asingeingiwa na tamaa? Watu walinunua viwanja, vyuo vikaanzisha masomo mapya, na sisi tukachukua kalamu.

Kumbe soko halikutungoja. Katikati ya mwaka 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Makampuni ya dunia nzima yakapunguza watu kwa maelfu, na kazi za utafutaji zikasimamishwa. Vijana walioingia chuoni mwaka 2013 kwa shauri letu walitoka na vyeti vyao katika majira hayo hayo. Na kile kiwanda cha Lindi, mwaka 2024 ulipokwisha kilikuwa bado hakijajengwa.

Lililotuuma zaidi ni kwamba somo hili tulikuwa nalo nyumbani, wala hatukulitazama. Gesi ya Songo Songo ilivumbuliwa mwaka 1974. Ilianza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30 ilipita katikati, na mtoto aliyezaliwa gesi ilipoonekana alikuwa baba wa watoto ilipowasha taa. Gesi ya Mnazi Bay ilionekana mwaka 1982, ikaanza kutumika baada ya miaka zaidi ya 20. Kwa jirani zetu wa Uganda mafuta ya Ziwa Albert yalipatikana mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha za kuyachimba na kulaza bomba ukafanywa Februari 2022. Mali hii imelala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka na haina haraka yo yote. Kijana aliyemaliza chuo ndiye mwenye haraka.

Tuje sasa katika swali wanalotuuliza wazazi kila siku: je, ni kweli kazi hizi zina mshahara mnono? Ni kweli, wala hatutamdanganya mtu. Fundi mwenye cheti kizuri katika mtambo wa baharini aweza kupokea kwa mwezi mmoja kiasi ambacho karani wa Serikali hukipata kwa miezi mingi. Lakini mshahara huo haulipwi kwa hisani. Hulipwa kwa sababu mtu hukaa mbali na mkewe na watoto, mara nyingi siku 28 kazini na siku 28 nyumbani. Hulipwa kwa sababu mtambo ukisimama saa moja hasara yake ni kubwa kuliko mshahara wa mwaka. Tena hulipwa kwa sababu ya hatari. Mwezi wa Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskochi, uliwaka moto ukaua watu 167 katika usiku mmoja. Chanzo chake kilikuwa pampu iliyofunguliwa vali yake ili itengenezwe, na habari hiyo haikuwafikia sawasawa watu wa zamu ya usiku, wakaiwasha. Sisi tunaoishi kwa karatasi twaelewa vema maana ya karatasi isiyofika mahali pake.

Tena mshahara haupimwi kwa mwezi, bali kwa miaka. Tufanye hesabu kidogo. Mtu alipwaye mara tatu ya mshahara wetu, akafanya kazi mwaka mmoja, kisha mkataba ukaisha akakaa nyumbani miaka miwili, amepata sawasawa na sisi tulioketi mezani miaka yote mitatu. Ila sisi tumechangia pensheni na yeye labda hakuchangia. (Twajua wako watakaocheka tukitaja pensheni. Na wacheke, hesabu haibadiliki.) Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe tu "Atalipwa ngapi?" bali pia "Atalipwa kwa muda gani, na mkataba ukiisha atakwenda wapi?"

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kazi za mafuta na gesi zina majira mawili, na watu wengi hawayatofautishi. Kuna majira ya kujenga na majira ya kuendesha. Bomba la mafuta litokalo Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 katika hizo zimo Tanzania. Kulilaza kwataka maelfu ya watu: madereva, wapima ardhi, wachomeleaji, wapishi, walinzi. Kule Sojo, wilaya ya Nzega, kulifunguliwa mwaka 2024 kiwanda cha kuyavika mabomba yale ngozi ya kuhifadhi joto. Lakini bomba likiisha kulazwa, shimo likafukiwa na majani yakaota juu yake, walinzi wa mitambo yake ni watu wachache. Ndivyo ilivyokuwa kwa bomba la gesi la Mtwara mpaka Dar es Salaam lililomalizika mwaka 2015: wengi walilijenga, wachache waliliendesha. Kijana aliyeajiriwa katika majira ya kujenga asinunue gari kwa mkopo kana kwamba yuko katika majira ya kuendesha.

Basi achague nini? Rai yetu sasa ni hii: achague ufundi ambao mafuta yanauhitaji, lakini wenyewe hauhitaji mafuta ili uishi.

Tuchukue uchomeleaji. Wengi wetu tumeudharau kwa kuwa twamwona fundi wa madirisha pale mtaani, amevaa miwani meusi na suruali iliyotoboka kwa cheche. Lakini mchomeleaji wa mabomba ni mtu mwingine. Hupewa bomba lililolazwa mshazari kwa nyuzi 45, lisilogeuzwa, akalizunguka yeye mwenyewe, akichomelea juu, ubavuni na chini, na moto ukimdondokea. Kisha kazi yake hupigwa picha ya eksirei, na ikionekana tundu dogo ndani ya chuma hukatwa, naye huambiwa arudie. Cheti chake hakidumu kwa kutundikwa ukutani. Kwa kanuni za kimataifa asipoifanya kazi ya namna ile kwa miezi sita, hupoteza sifa yake mpaka apimwe tena. Huyo ndiye anayelipwa vizuri! Na bomba likiisha, atatakiwa penye kiwanda cha sukari, penye meli, penye daraja, penye matangi ya maji.

Kadhalika fundi umeme. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hata yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba lile halina budi kupashwa moto kwa umeme njia nzima yafike Tanga yakiwa yenye kutiririka. Palipo na joto la umeme kwa zaidi ya kilomita elfu pana kazi ya fundi umeme, na fundi huyo huyo aweza kuajiriwa mgodini au reli. Fundi wa vipimo, yaani mwenye kutunza vyombo visomavyo msukumo, joto na mwendo wa gesi, ni adimu kuliko wote, na twashangaa kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyetuandikia akimtaja.

Kwa yule mwenye akili ya hesabu atakayefika chuo kikuu, twaona ni heri asome uhandisi wa mitambo, wa umeme au wa kemia, kisha aongeze elimu ya mafuta juu yake, kuliko kushika tangu mwanzo shahada yenye jina la mafuta peke yake. Wako waliofanikiwa kwa njia hiyo ya pili, hatukatai. Lakini nafasi zao ni chache, na soko likianguka hawana mlango wa pili. Tena dunia inatafuta njia za kupunguza kuchoma mafuta, na kijana wa leo ana miaka 40 ya kazi mbele yake.

Wala tusiwasahau watu wa aina yetu. Kampuni ya mafuta ina stoo, ina hesabu, ina mizigo bandarini. Mtunza stoo ajuaye vali hii kuwa si vali ile ana thamani kubwa. Nayo gesi iliyokwisha kufika mijini imeleta kazi zisizotajwa na wakubwa: mafundi wa kufunga mitungi ya gesi katika magari na bajaji wanahitajika Dar es Salaam, na hawakungoja kiwanda cha Lindi. Haya yote twawaambia na wazazi wa mabinti, maana sheria ya petroli ya mwaka 2015 inapowatanguliza Watanzania katika ajira na mafunzo haikusema wanaume tu. Lakini sheria hufungua mlango. Haichomelei bomba kwa niaba ya mtu.

Limebaki jambo zito, na tumelichelewesha kwa kuwa linatuonea haya. Mwanachama mmoja alisoma shauri letu la mwaka 2013, akakopa fedha ya akiba na mikopo, akauza na kipande cha shamba, akampeleka mwanawe katika chuo kimoja cha watu binafsi ambacho hatutakitaja. Kijana alisoma miaka miwili darasani bila kushika spana. Alipopeleka cheti chake kwa waajiri aliambiwa ya kwamba hakitambuliwi. Baba aliendelea kukatwa mkopo ule miaka mitano. Kwa hiyo, kabla hujatoa senti, uliza NACTVET kama chuo hicho na somo hilo vimesajiliwa. Nenda mwenyewe ukaione karakana. Waulize waliomaliza mwaka uliotangulia wako wapi leo. Na mtu akikutaka fedha ili mwanao apewe kazi bombani, mpeleke polisi.

Tulipomwendea mwanachama huyo kumwomba ruhusa ya kuandika habari zake tulidhani atatufukuza. Alitukaribisha chai. Akatuambia kijana yuko chuo cha ufundi cha Serikali, mwaka wa pili, anajifunza kuchomelea, na ameishafeli jaribio la bomba la mshazari mara mbili. "Andikeni," akasema, "lakini jina langu liacheni, na safari hii chunguzeni kwanza."