Kinachotisha Innsmouth si Viumbe wa Baharini

Wanafunzi wengi wanaosoma The Shadow over Innsmouth, riwaya fupi ya H. P. Lovecraft iliyochapishwa mwaka 1936, hukimbilia kueleza vitisho vya nje: bandari iliyochakaa huko Massachusetts, Marekani, nyuso zinazofanana na za samaki, na usiku ambao msimulizi anatoroka hotelini akiwindwa. Hayo ni mandhari na taharuki, nayo yana alama zake. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kitisho kikuu kimo katika masimulizi ya Zadok Allen, mzee mlevi wa miaka 96.

Kupitia mbinu rejeshi, Zadok anaeleza kwamba Innsmouth ilikuwa imedidimia. Biashara ya meli ilikuwa imeanguka na samaki wameadimika. Ndipo Nahodha Obed Marsh akaleta ibada mpya, akiahidi samaki tele na dhahabu. Ahadi ikatimia. Wenye njaa wakashiba, kisha wakaanza kudaiwa, na deni lenyewe lilikuwa damu ya watu. Mwenye njaa hana miiko, na Obed alilijua hilo.

Wapo waliopinga. Mwaka 1846 walimtia Obed na wenzake korokoroni, lakini walikuwa wamechelewa: viumbe walitoka baharini wakaua zaidi ya nusu ya wakazi. Baada ya hapo waliosalia walilazimika kula kiapo cha Dagon. Kiapo cha pili na cha tatu vilikuwa vya baadhi yao tu, na waliojitolea zaidi waliahidiwa dhahabu. Zadok alikula viwili, akakataa cha tatu. Basi shibe ndiyo iliyofungua mlango. Hofu ikaja kuufunga.

Lovecraft ana kosa ambalo mwanafunzi hapaswi kulifumbia macho. Anadokeza kwamba uovu huu uliletwa na watu wa visiwa vya Pasifiki na kuchanganyika kwa damu. Huo ni ubaguzi wa rangi, na ploti yake mwenyewe inaukanusha. Obed ni mwana wa Innsmouth, na waliopokea dhahabu yake ni majirani zake.

Msomaji wa Kenya hawezi kuyasoma haya bila kukumbuka msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ikiwemo ya watoto. Inadaiwa kwamba waumini walihimizwa kufunga hadi kufa. Huko hakukuwa na viumbe wa baharini. Kulikuwa na watu waliotafuta tumaini, wakatengwa na jamaa zao, hata wa kuwauliza maswali akakosekana. Riwaya hii inatufundisha kuuliza mapema, wakati ahadi ingali tamu.

Mwishoni msimulizi anagundua kwamba yeye mwenyewe ni wa ukoo wa Obed, na hamu ya kukimbia inamtoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo ukiulizwa kujadili maudhui ya uovu katika riwaya hii, usiishie kumtaja aliyeuleta. Eleza pia nani alinufaika, nani alinyamaza, na kimya hicho kilinunuliwa kwa bei gani.