Kocha naye afundwe

Mwalimu wa michezo wa sekondari hukabidhiwa timu siku ile ile anayoripoti kazini. Mpira mmoja, filimbi, orodha ya majina, basi. Kuanzia hapo yuko peke yake.

Hapa Tunda, nchini Kongo, tunaona matokeo yake kila mara. Timu imefungwa, golikipa analia nyuma ya goli, nahodha anamfokea mbele ya wenzake, na pembeni baba mmoja anapiga kelele kwamba mwanawe ameachwa benchi kwa chuki. Mapumziko hayafiki hata robo saa. Yule kocha kijana aseme nini, na aanze na nani? Hajawahi kuonyeshwa. Basi anafoka, maana naye alilelewa kwa kufokewa.

Kozi ikipatikana humfundisha kupanga wachezaji ubaoni. Kuongoza watu ni kazi nyingine, nayo hufundishwa na aliyetangulia, kama kungwi na mwali wake.

Mfano upo: mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland akafika shule ya St Patrick's, Iten, Kenya, kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Alianza kwa kumsaidia Peter Foster, Mwingereza aliyekuwa na wakimbiaji wa shule hiyo, na Foster alipoondoka timu ikabaki mikononi mwake. O'Connell ndiye aliyemlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Tazama alikoanzia: pembeni mwa mwenzake, katika uwanja wa shule. Na sisi Wakongo tunaye Mwinyi Zahera: naye alikuwa msaidizi wa kocha Florent Ibenge katika timu yetu ya taifa, na mwaka 2018 akaenda kuifundisha klabu ya Yanga ya Dar es Salaam.

Tunachodai hakina gharama kubwa. Kila kocha mpya apewe mzee wa kumlea kwa msimu mzima. Mzee aje kwenye mechi, akae benchi kimya, asimkosoe kijana mbele ya wachezaji. Mazungumzo yawe jioni, wawili peke yao. Prefe, yaani mkuu wa shule, naye amruhusu mwalimu wake kwenda mjini Kindu walau wiki moja kiangazi, wakati barabara inapitika, akae na makocha wa vyuo vya huko.

Ninyi walimu wastaafu wa Tunda na Kibombo mliowahi kushika filimbi, msingoje barua. Jumamosi hii nendeni uwanjani, mkakae na kijana wenu.