Asili Haiondoi Sumu

Imani iliyoenea Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mitaa ya Mlandege mjini Iringa hadi Mbeya, kwamba dawa ya miti shamba haina madhara kwa sababu haina kemikali, ni imani potofu, na miongoni mwa wanaoumia ni wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, ambao maradhi yao ni sugu, yaani kwa kawaida hudhibitiwa kwa miaka mingi badala ya kuponywa mara moja.

Kila mmea hutengeneza kemikali zake. Mafinga, mkoani Iringa, maua ya pareto husindikwa ili kupata pairethrini, viambato vinavyoua wadudu kwa kuvuruga mishipa yao ya fahamu. Ua hilo ni la asili, na sumu yake ni ya asili vilevile.

Metformini, kidonge cha kisukari, nayo ina chimbuko katika galega, mmea ambao kiambato chake, galegini, hushusha sukari mwilini lakini pia huua mifugo inayoula kwa wingi. Watafiti walitafuta kemikali ya jamii hiyo yenye sumu ndogo, wakaipima, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwayo. Kilichoifanya iaminike ni kipimo, si asili yake.

Mwaka 2011 umati ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, iliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga na kutolewa kwa shilingi 500, ikidaiwa kuponya kisukari, saratani na ukimwi kwa pamoja. Wapo walioacha dawa za hospitali, na wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni.

Wanaodai kwamba kuhoji haya ni kuwadharau wazee wanasahau kwamba Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, pamoja na Taasisi ya Tiba Asili huko Muhimbili, inayochunguza mimea hiyo. Anayeiheshimu dawa ya wazee hukubali ipimwe, kiwango chake kijulikane na madhara yake yatajwe. Na muuzaji anayemshawishi mgonjwa aache vidonge vyake kwa ajili ya chupa isiyopimwa anahatarisha uhai wa mtu, hata kama kila kilichomo kimechimbwa porini.