MAONI: Kijana, usilazimishwe kunena kwa lugha

Hebu tuseme ukweli. Katika kesha nyingi za vijana, kuna mtu anayetoka asubuhi akiwa na siri moja: usiku aliigiza. Mhubiri alimwambia afungue kinywa na kurudia silabi fulani haraka haraka, naye kwa kuogopa kubaki nyuma akarudia. Wenzake wakapiga makofi, ati amejazwa. Moyoni anajua hakuna kilichotokea.

Kama ni wewe, soma hadi mwisho.

Hatusemi kunena kwa lugha ni uongo. Matendo ya Mitume, sura ya 2, inasimulia jinsi wanafunzi walivyonena siku ya Pentekoste, na wageni wa mataifa mbalimbali wakasikia lugha zao wenyewe. Mwaka wa 1906 uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, chini ya William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa, ulieneza jambo hili kote duniani.

Hata hapa kwetu lina historia. Mwaka wa 1927 uamsho ulizuka katika misheni ya Waquaker huko Kaimosi, ambako leo ni kaunti ya Vihiga. Waumini walinena kwa lugha na kutubu hadharani. Wakuu wa kanisa hawakupendezwa. Walionena wakatengwa, nao wakaanzisha makanisa yao ya Roho ambayo yapo hadi leo.

Wakati ule aliyenena ndiye aliyefukuzwa. Leo, katika makundi mengine, asiyenena ndiye anayesukumwa pembeni. Hapewi maiki, haongozi sifa, na kila Ijumaa anaitwa mbele aombewe kana kwamba ni mgonjwa. Mbona tumegeuza zawadi kuwa mtihani?

Yapo makanisa yanayofundisha kwamba kunena kwa lugha ndiyo ishara ya kwanza ya ubatizo wa Roho. Hiyo ni imani yao, tuiheshimu. Lakini mengi ya makanisa hayo hayo hutenganisha ubatizo huo na wokovu. Kwa hivyo kiongozi anayekuambia hujaokoka kwa sababu hujanena anazidisha chumvi.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu jambo hili hili. Katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza anaeleza kuwa karama ni nyingi, kisha anauliza kama wote hunena kwa lugha. Jibu liko wazi: la. Katika sura ya 14 anataka wanene watu wawili, wasizidi watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Asipokuwepo, mnenaji anyamaze na aseme na Mungu wake kimoyomoyo. Sura hiyo hiyo inaonya watu wasikatazwe kunena. Basi hakuna ruhusa ya kukataza, na hakuna ruhusa ya kulazimisha.

Hatari ya kulazimisha si ndogo. Kijana anayeigiza mara ya kwanza atalazimika kuigiza tena wiki ijayo. Asiyeweza kuigiza huanza kuamini kwamba Mungu amemkataa. Wa kwanza anajifunza kudanganya akiwa amepiga magoti, na wa pili anaacha kanisa kimyakimya.

Ukiitwa mbele na hauko tayari, sema kwa heshima: "Pasta, naomba niombe kwa Kiswahili." Kiswahili, Kikamba, Kiluo, zote Mungu anazisikia. Nanyi viongozi wa vijana, acheni kufundisha silabi. Kama ni karama ya Roho, haihitaji mazoezi ya kukariri.

Ukitaka kumjua aliyejazwa, mtazame Jumatatu. Je, anasema ukweli? Anavumilia? Amelipa zile mia mbili alizokopa kwa mwenzake wa chumba?