Maneno ya Kaunta

Zunguka maduka ya kamera ya Kariakoo, au ya Luthuli na Moi Avenue kule Nairobi, utasikia maneno yaleyale kutoka kwa watu wasiojuana. Mengine ya muuzaji, mengine ya fundi, mengine ya yule rafiki aliyekutangulia kununua kamera na sasa amekuwa mwalimu wa mtaa. Sisemi ni waongo. Ila karibu kila neno, ukilifuata mpaka linakoishia, linaishia mfukoni mwako: nunua kubwa zaidi, tupa hiyo, ongeza hela kidogo. Na mengi yanapimika palepale kaunta bila kutoa hata shilingi. Nayachukua yale yanayowasumbua zaidi watu wanaopiga picha kwa mapenzi tu, wasiolipwa na harusi wala gazeti.

"Kiss ni feki." Mtu amepata Canon iliyotumika, safi, bei nzuri, usoni imeandikwa EOS Kiss X4. Muuzaji wa duka la pili anamnong'oneza: "Kaka, umeliwa. Canon hawana kamera ya jina hilo, hiyo ya Kichina." Canon wanayo, tena tangu enzi za filamu. Kamera zao za ngazi ya wanaoanza huenda sokoni kwa majina matatu: Kiss huko Japani, Rebel huko Marekani, na namba tupu Ulaya na huku kwetu. Kiss X4, Rebel T2i na 550D ni kamera moja, ya mwaka 2010. Kiss X5 ndiyo 600D. Betri ni ileile, lenzi zilezile. Zinatufikia kama zinavyotufikia Vitz, ambazo Ulaya Toyota waliziuza kwa jina la Yaris na hakuna aliyewahi kuziita feki.

Jambo la kuangalia kwenye kamera ya Japani ni menyu. Iwashe, tafuta sehemu ya lugha. Kiss huwa na Kiingereza. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hapo utakuwa umenunua chombo kizuri usichoweza kukisoma. Hilo jirani wa duka hakulinong'ona.

"Megapikseli zikiwa nyingi, picha inakuwa kali." Televisheni ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani megapikseli zisizozidi nane na ushei. Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, inadai karibu tisa. Simu ambayo ndugu zako watatazamia picha hizo inaonyesha chini ya hapo. Nikon D700 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 12 tu, na watu walilipwa kwa picha zake.

Hesabu nyingine ambayo kaunta haiipigi: kutoka megapikseli 12 kwenda 24 si kupata picha yenye upana mara mbili. Upana unatoka pikseli 4256 hadi 6000, ongezeko la asilimia 41 hivi. Ukitaka upana uwe mara mbili, megapikseli lazima ziwe mara nne. Pikseli nyingi zinamfaa anayekata sana picha zake, kama mpiga picha wa ndege. Wengine wote wanalipia nafasi ya kujaza kadi na kompyuta.

"Picha zako hazina makali kwa sababu lenzi ya 18-55 ni takataka." Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hela nyingi zinapopotea. Kabla ya kuilaani lenzi, kuna mambo manne ya kuondoa njiani, na mpangilio una maana.

Kwanza chungulia kwenye kijidirisha, lakini usitazame mandhari. Tazama tarakimu zinazowaka chini yake. Kama nazo zina ukungu, kosa haliko kwenye lenzi. Pembeni ya kijidirisha pana kigurudumu kidogo chenye alama za + na −, cha kurekebisha kulingana na jicho la mtumiaji. Kikisuguana na begi kinazunguka chenyewe. Kizungushe mpaka tarakimu zisomeke. Watu wamewahi kupeleka kamera kwa fundi kwa ajili ya kigurudumu hicho, na wapo mafundi waliopokea hela.

Pili, fungua picha iliyoharibika usome kasi ya shata. Ukiona 1/15 au 1/20 kwa lenzi iliyovutwa mpaka 55, mkono wako ulitikisika au mtoto uliyempiga alisogea. Kwa kamera zenye sensa ndogo ya APS-C, anzia 1/100 kwa milimita 55, na kwa mtoto anayekimbia usishuke chini ya 1/500. Kidhibiti mtikisiko kilichomo kwenye lenzi kinatuliza mkono wako, mtoto hakimtulizi.

Tatu, angalia tundu la lenzi. Hili linawapata waliohama kutoka 18-55 kwenda 50mm f/1.8 kwa sababu waliambiwa ndiyo dawa. Kwa f/1.8, umesimama mita moja kutoka kwa mtu, eneo lililo ndani ya fokasi ni sentimita mbili na nusu au tatu. Pua ikiwa kali, masikio yamekwenda. Funga mpaka f/8 na eneo hilo linakaribia sentimita kumi na mbili. Kwa f/8 hiyohiyo, mchana, ile 18-55 iliyotukanwa inatoa picha ambayo wengi hawataitofautisha na ya lenzi ya bei mara tano.

Nne, na hapa tu ndipo chombo kinaanza kushukiwa: weka DSLR juu ya meza, mbele yake gazeti lililobandikwa ukutani, tumia kipima muda ili usiiguse. Piga kwa fokasi ya kijidirisha, halafu piga kwa fokasi ya skrini. Zikiwa sawa, kamera na lenzi zinaelewana. Ya skrini ikiwa kali na ya kijidirisha ikawa hafifu kila mara, mfumo wa fokasi umehama, na hilo kweli ni la fundi, au la menyu kama kamera yako ina kipengele cha kurekebisha. Kamera zisizo na kioo ndani, yaani mirrorless, hupima fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo ugonjwa huu haziujui.

"Imeandika FEE, imekufa." Nikon ikiwaka maandishi ya FEE huku imefungwa lenzi ya zamani kidogo, kwa mfano 50mm f/1.8D, hakuna kilichokufa. Lenzi hiyo ina pete ya tundu shingoni. Izungushe mpaka kwenye namba ya mwisho, 22, iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa, kisha sukuma kile kifungo kidogo cha kuifunga. Maandishi yatatoweka. Canon nayo ina Err 01, maana yake kamera na lenzi hazisikilizani. Mara nyingi tiba ni kuichomoa lenzi, kufuta vile vishikio vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na kuirudisha. Isipopona, basi waya wa ndani au tundu la lenzi lina tatizo, na bei ya fundi utailinganisha na bei ya lenzi.

Lenzi hizohizo za D zina mtego mwingine. Nyingi hazina mota ya fokasi ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye kamera. D90 na D7000 zinayo. Ukoo wa D3000 hadi D3500, na wa D5000 hadi D5600, hauna. Ukiifunga lenzi hiyo kwenye D3200 itakupasa uzungushe kwa mkono, na muuzaji atakuambia "kaka, lenzi ni nzima kabisa", naye atakuwa anasema kweli.

"Kamera hizi zinatia giza watu weusi, mpaka ununue ya bei." Neno hili lina mzizi. Filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikalipia. Kwa hiyo anayelalamika hajaota. Lakini giza unaloliona leo kwenye picha ya Idi mara nyingi linatoka kwingine.

Kipima mwanga hakijui kama mbele yake kuna mtu. Kinachukulia kwamba picha, kwa wastani, inatakiwa iwe na wangavu wa kijivu. Ukiijaza fremu kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa na bahari ya saa sita mchana, kinaona weupe mwingi, kinapunguza, na uso unazama. Kamera ya milioni kumi inaweza kufanya hivyohivyo. Tafuta kitufe chenye +/−, ongeza hatua moja, piga tena. Kama kanzu bado ina mikunjo inayoonekana, ongeza kidogo zaidi. Au mwambie kipima kitazame uso peke yake. Au mhamishe unayempiga kwenye kivuli cha baraza, umgeuze aelekee nje kwenye mwanga. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halina kitufe.

"ISO isizidi 400." Ushauri wa zama nyingine. Chengachenga zinatokana zaidi na uhaba wa mwanga kuliko namba yenyewe, na picha iliyopigwa giza kwa ISO 400 kisha ikang'arishwa kwenye kompyuta mara nyingi inatoka chafu kuliko iliyopigwa sawasawa kwa 3200. Chengachenga unazivumilia, mtikisiko hauponi.

"Betri mpya ichaji masaa manane kabla ya kuitumia." Hilo lilizifaa betri za nikeli. Ya lithiamu ikijaa, chaja inakata. Betri isiyotumika iache nusu, si tupu.

"Lenzi ikishika ukungu ni ya kutupa, itaambukiza na zingine." Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja hili si la mzaha, unyevu wa masika unaingia hadi kabatini. Ila vijimbegu vya ukungu viko hewani kila mahali, na lenzi mpya kabisa tayari inavyo. Kinachoviotesha ni unyevu, giza na kufungiwa ndani ya begi la ngozi. Boksi la plastiki linalobana, lenye vifuko vya silika, linafanya kazi kubwa kuliko kumtenga mgonjwa. Mchele msiuweke, unatoa vumbi.

Unaponunua iliyotumika, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi linaonekana kama vinukta na halina neno. Ukungu unatambaa kama nyuzi za buibui. Nyuzi mbili pembeni hazitaonekana kwenye picha, labda ukipiga kulielekea jua. Zitumie kushusha bei. Zikiwa zimetanda katikati, au kioo kimeshalika hata baada ya kusafishwa, hapo mwenye neno la kutupa ana haki.

Vumbi hilo la lenzi msilichanganye na vinukta vyeusi vinavyorudi mahali palepale kwenye kila picha ya anga. Hivyo ni vumbi la kwenye sensa. Piga ukuta mweupe kwa f/16, nje ya fokasi, vitajitokeza vyote, kwa f/2.8 vinajificha. Kipulizio cha mpira kinatosha mara nyingi. Mdomo wako hapana, una mate.

"Kadi imeharibika, iformati uanze upya." Ukiformati unaweza kuzika ulichotaka kuokoa. Kadi ikigoma kusoma, itoe, usiipigie picha nyingine hata moja. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huokoa mengi mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Picha zikishapatikana ndipo uformati, ndani ya kamera.

Kisha jiulize kwa nini iligoma. Kadi bandia inaweza kujitangaza kuwa na GB 128 wakati ndani ina 8. Inapokea kila kitu kwa adabu, na zilizozidi nafasi halisi zinapotea. H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux, hujaza kadi yote na kuisoma tena. Fanya hivyo siku uliyoinunua, risiti ikiwa bado mkononi. Na ile 170MB/s iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni kasi ya kusoma. Kwa video tafuta alama ya V30: inaahidi kuandika MB 30 kwa sekunde bila kushuka.

"DSLR zimekufa." Kwa viwanda, ni kama kweli. Sony walileta A7 isiyo na kioo mwaka 2013, Nikon na Canon wakafuata 2018 kwa Z na R, na kamera mpya zinazovuma sasa ni za ukoo huo. Kwa asiyetafuta riziki kwa kamera, habari hiyo ni ya kufurahia: wanaohama wanauza, bei zinashuka, na lenzi za Canon EF zilizoanza kutengenezwa 1987 bado zinaingia kwenye R kwa adapta siku utakapotaka kuhama.

Watakutajia pia idadi ya mapigo ya shata. Nikon walijaribu shata ya D7200 kwa mapigo 150,000, na ya D850 kwa 200,000. Hizo si tarehe za kuisha muda. Zipo zinazopita mbali, zipo zinazokatika mapema. Mimi ningeuliza betri kwanza. 550D, 600D na 700D zinatumia betri moja, LP-E8. Hakikisha zipo dukani, uone bei yake, kisha ndipo urudi kuzungumzia bei ya kamera.