Ujumbe Unaojirudia Si Kelele

Maneno matatu yananikera kuliko virusi vyovyote vya kompyuta: "Ni kelele tu." Nimeyasikia Mbeya, nimeyasikia Iringa, na mara zote msemaji alikuwa mtu mwenye cheti, amesimama mbele ya skrini inayoteremsha mstari uleule: kosa la kusoma, diski fulani, sekta namba fulani. Baada ya muda mfupi, mstari uleule tena. Naandika kuyapinga maneno hayo, kwa sababu yamegeuka kuwa mtindo wa kazi.

Tumjue kwanza huyo anayeitwa mpiga kelele. Draiva ya diski ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa chenyewe. Kwenye Linux, inayoendesha seva nyingi tunazozitegemea, draiva huomba kipande cha data kisha husubiri, kwa kawaida hadi sekunde 30. Jibu lisipokuja, huanzisha upya mawasiliano na diski, halafu huomba tena. Ikiendelea kushindwa, huweza kushusha kasi ya mawasiliano kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, kisha 1.5, kama mjukuu anayepunguza mwendo wa maneno mbele ya babu asiyesikia vizuri. Kila hatua huiandika. Mistari inajirudia kwa sababu jitihada zenyewe zinajirudia.

Tena mfumo wenyewe una adabu. Makosa ya kusoma diski hupitia kizuizi: kwa mpangilio wa kawaida, mistari 10 ndani ya sekunde 5. Inayozidi humezwa, na baadaye huandikwa idadi ya iliyomezwa. Kwa hiyo unachokiona kwenye skrini ni kilio kilichokwisha kupunguzwa. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema mpiga mbiu anyang'anywe pembe.

Kunyang'anya pembe ndiko kulikofanyika mwaka jana katika ofisi moja mjini Mbeya. Seva yao ndogo ilitunza rekodi za sauti za wazee wa Umalila, wakulima wa pareto, wakisimulia kwa Kimalila jinsi zao hilo lilivyobadili maisha ya milima yao. Nilikuwa nimekubaliwa kuzichambua kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Faili la logi lilikuwa limevimba kwa ujumbe wa diski moja. Aliyepewa kazi ya kutengeneza aliandika kanuni ya mstari mmoja: kila ujumbe wenye jina la diski ile utupwe. Kesho yake logi ilikuwa safi, na ofisi ikatangaza kwamba seva imepona. Siku ya kumi na tisa diski haikusomeka kabisa. Nakala ya akiba ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mahojiano kumi na moja yalipotea, na wazee wawili kati ya waliohojiwa walikuwa wameshazikwa.

Maelezo tuliyopewa yalikuwa baridi ya Mbeya na urefu wa milima. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na watengenezaji wengi huruhusu diski zao zifanye kazi hadi kama mita 3,000. Milima haina kesi hapa. Umeme unaopanda na kushuka ungekuwa mshukiwa wa maana zaidi, lakini huyo naye hutajwa humohumo kwenye mistari iliyotupwa.

Kuusoma ujumbe huo hakuhitaji shahada. Swali la kwanza: je, namba ya sekta ni ileile kila mara? Kama ni ileile, au zinakaribiana, shuku uso wa diski. Kama namba zinarukaruka, huku mawasiliano yakianzishwa upya mara kwa mara, shuku kebo au umeme. Swali la pili liulize kwa programu ya smartctl, inayosoma hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Hesabu ya 5 inaonyesha sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na ya 197 zile zinazosubiri hukumu. Ya 199 inaonyesha data iliyoharibika njiani, na mara nyingi kisa chake ni kebo.

Fundi mmoja wa Iringa alinionyesha jambo hili kwa kalamu na karatasi. Kwanza alihamisha data yote kwenye diski nyingine. Kisha akaandika hesabu ya 199, akabadilisha kebo, na baada ya siku mbili akaandika tena. Hesabu hiyo haishuki hata tatizo likiisha. Kinachotafutwa ni kwamba imeacha kupanda. Iliacha, na diski ile inafanya kazi hadi leo. Kebo yenyewe haikuzidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Najua nitajibiwa kwamba ujumbe mwingine kweli hauna madhara. Ni kweli. Kisoma kadi kisicho na kadi kinaweza kulalamika siku nzima bila hasara yoyote. Najua pia kwamba logi ikiachwa ivimbe inaweza kujaza diski na kuangusha seva. Lakini hizo ni sababu za kuzima ujumbe baada ya kuuelewa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza wakati wa kukagua uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60, ikilinganishwa na isiyo na kosa hilo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili kuu nne. Nyingi hufa kimya. Ikitokea moja ikasema, tunaiziba mdomo?

Ninachodai kwa kila chumba cha seva, kuanzia Mbeya, Makambako hadi Iringa, ni mambo matatu. Data inakiliwa kabla ya mtu yeyote kugusa logi. Ujumbe hauzimwi mpaka sababu iandikwe, pamoja na tarehe na jina la aliyeuzima. Na ukutani ibandikwe karatasi ya Kiswahili inayoeleza mistari hiyo, kwa sababu wengi huiita kelele kwa vile imeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza ambavyo hawakufundishwa. Kuiandika karatasi hiyo ni kazi ya alasiri moja. Wasomaji wa tehama, tuigawane.